Mashine Zisizozimwa

Mimi ni dereva wa ofisi ya elimu, na mtu ninayembeba kuliko wote ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni fundi wa kompyuta wa shule zote zilizo chini yetu. Shule ni nyingi, fundi ni mmoja, gari ni moja. Wakubwa wakiwa kwenye vikao vyao wanatuita "kitengo cha teknolojia", na sisi wawili tukilisikia jina hilo tunaangaliana tu.

Wanafunzi walimpa jina la Zima-Washa. Mwalimu yeyote akipiga simu kulalamika kwamba mashine imekwama, swali la kwanza analoulizwa ni kama ameizima akaiwasha. Mimi nilikuwa namtania kwamba siku nikizidiwa na homa, dada yake atampigia simu akilia, naye atamuuliza kama wamenizima wakaniwasha. Alikuwa anacheka hadi anashika mbavu. Na dawa yake, niseme ukweli, ilikuwa inafanya kazi. Mara ngapi tumefika shuleni, sijamaliza hata kugeuza gari, namwona huyo anatoka, begi begani, kazi imekwisha.

Simchukii. Ningekuwa namchukia, mambo yangekuwa mepesi.

Ili nieleweke, lazima nieleze kidogo kazi yake, ingawa mimi na kompyuta ni mbali na mbali. Maabara za shule zilikuwa zinamtesa kwa virusi. Watoto wanakuja na flashi zao zilizozunguka mtaa mzima, wanachomeka, kesho yake mashine zote zinaumwa. Akaamua mambo mawili. La kwanza, akaziba matundu yote ya kuchomekea flashi. La pili, akazigandisha mashine. Ndivyo wanavyosema mafundi. Kompyuta iliyogandishwa inakubali kila unachoifanyia: andika, chora, hifadhi, yote inakubali na inakuonyesha imehifadhi. Lakini ikizimwa na kuwashwa tena, inasahau yote na kurudi ilivyokuwa siku ile ilipogandishwa. Kirusi kikiingia asubuhi, jioni hakipo. Huacha sehemu moja tu ya diski bila kuigandisha, na kazi za kudumu zinawekwa humo. Mwalimu wa kompyuta wa shule ya binti yangu alielekezwa vizuri kabisa, akaelewa, akawafundisha watoto. Halafu akahamishwa.

Akaja mwalimu mpya, dada mmoja kijana, mchapakazi wa kupindukia. Alikabidhiwa funguo za maabara na kufuli la dirisha. Habari ya kugandisha hakuna aliyemkabidhi.

Yeye naye alikuta mashine zimechoka. Kuziwasha tu ilikuwa shughuli. Kipindi kinafika nusu watoto bado wanatazama skrini nyeusi. Swichi nyingine zilikuwa zimelegea, ukizima huna hakika kama itawaka tena. Kwa hiyo akatunga sheria yake: mashine hazizimwi. Alikata vipande vya karatasi, akabandika kwa gundi juu ya kila swichi, na kila karatasi ameiandika kwa mkono wake mzuri wa kialimu, USIZIME. Jioni walikuwa wanazima skrini tu. Na mwaka huohuo shule ilikuwa imefungiwa umeme wa jua na mabetri makubwa, tukawa tunajisifu kwamba hata mtaa mzima ukiwa giza, maabara yetu inawaka. Sijawahi kuombea umeme ukatike maishani mwangu. Lakini ungekatika siku moja tu mwanzoni mwa muhula, wangepoteza kazi ya siku moja, wangelia, wangejua.

Haukukatika.

Sasa binti yangu. Huyu tangu mdogo alikuwa mkia wa mjomba wake. Likizo wenzake wakicheza, yeye yuko karakana ya ofisi anashika tochi mjomba akifungua mashine. Alipoingia kidato cha mwisho tayari alikuwa ameamua, na hakutuuliza: anakwenda chuo cha ufundi, anasomea kompyuta. Chuo hicho kina masharti magumu. Bila alama nzuri kwenye somo la kompyuta hawakutazami hata usoni, na katika somo hilo, sehemu kubwa ya alama inatokana na mradi ambao mwanafunzi anautengeneza mwenyewe muhula mzima na kuupeleka kusahihishwa.

Mradi wake ulikuwa ratiba ya shule. Kama hujawahi kukaa na walimu hutajua ratiba ni balaa gani. Walimu wachache, madarasa mengi, huyu hawezi kufundisha Jumatatu asubuhi, yule anafundisha masomo matatu, na kila ukipanga unakuta mtu mmoja anatakiwa awe sehemu mbili kwa wakati mmoja. Mwalimu wa taaluma hukaa wiki nzima na bango na penseli, anafuta, anapanga, anagombana na wenzake, na bado walimu wanagongana. Binti yangu alitengeneza programu ya kuipanga. Unaingiza walimu na vipindi, inakupangia. Mwalimu wa taaluma mwenyewe aliijaribu kwa walimu wa kweli wa shule hiyo, akakagua mstari kwa mstari, hakuona hata mgongano mmoja. Nasikia alivua miwani akamtazama mtoto kama ndiyo kwanza anamwona. Haya niliambiwa na mke wangu, kwa siri, maana binti alikataza mjomba asiambiwe. Alitaka amwonyeshe yeye mwenyewe ikishakamilika.

Mwalimu wa kompyuta alipiga simu ofisini wiki ya mwisho kabla ya kukusanya miradi. Mashine zilikuwa zimekuwa nzito mno, alisema, watoto wanabonyeza na kusubiri, na siku zimebaki chache. Tukaenda asubuhi ya Jumanne. Getini nilimkuta binti yangu na wenzake wakienda darasani, akakimbilia dirisha la upande wa mjomba wake.

"Mjomba, usiondoke kabla sijaja maabara. Nina kitu."

Mjomba akamwambia ataondokaje wakati dereva wake hajanywa chai. Binti akacheka, akaenda.

Nilikuwamo maabara wakati inatokea, nimesimama mlangoni nimeshika begi la vifaa. Kwa hiyo ninayosimulia hapa sikusimuliwa. Shemeji aliketi kwenye mashine ya mwalimu, ile inayozitawala nyingine zote. Aliona zile karatasi kwenye swichi, akauliza mara ya mwisho zilizimwa lini. Mwalimu akajibu kwa fahari kabisa kwamba tangu aje hazijawahi kuzimwa. Shemeji akasema basi ugonjwa umeshajulikana, hata punda wa mizigo anapumzishwa. Wakacheka wote wawili. Halafu akauliza swali ambalo fundi yeyote mwenye akili huuliza.

"Watoto wamehifadhi kazi zao?"

"Wote," mwalimu alijibu. "Kila kipindi napita mwenyewe nahakikisha."

Na kweli zilikuwa zimehifadhiwa. Mimi mwenyewe niliziona kwenye zile skrini, faili zimepangana, kila moja ina jina la mtoto. Shemeji naye aliziona. Shule zake ni nyingi, na mashine hizi alizigandisha kwa mkono wake mwenyewe kwa mwalimu aliyejua. Hakufikiri kwamba anayeongea naye sasa hajui. Kila aliyekuwa mle ndani alisema kweli. Shemeji akabonyeza mara moja ili zizimike na kuwaka upya, na mashine zote zikazimika pamoja.

Nakumbuka jinsi chumba kilivyokuwa kimya. Vile vifeni vya ndani vilikuwa vinavuma siku zote, ukawa umesahau kwamba vinavuma, mpaka viliponyamaza. Shemeji akapiga miayo, akaniuliza kama nimejaza mafuta. Kisha skrini zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa na picha ileile ya mlima. Hazikuwa na kitu kingine.

Mwalimu akasogea kwenye mashine ya karibu, akainama. Akaenda ya pili, na ya tatu. Akauliza, sauti yake bado ya kawaida, kama mafaili huwa yanachelewa kuja.

Shemeji alisogea karibu na skrini. Nilimwona tu mgongo. Alifungua kitu kwenye skrini, akakifunga, akafungua kingine, kisha akaacha mkono wake juu ya meza kama mkono wa mtu mwingine. Baadaye akamuuliza mwalimu, polepole sana, kazi zilikuwa zinahifadhiwa wapi. Mwalimu akamwonyesha kwa kidole, hapa, hapa mbele, ambapo kila mtu anaona. Shemeji akauliza kama yule mwalimu aliyehama hakumwambia lolote kuhusu kugandisha. Dada wa watu akauliza kugandisha ni nini.

Kengele ikalia. Watoto wakaingia kwa kelele zao, na binti yangu alikuwa wa mbele. Alinipita mlangoni akanigonga kwa kiwiko, ule utundu wake, akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake. Nilitamani nimwite nje, nimtume hata dukani. Nikabaki palepale na begi mkononi.

Walianza kuulizana. Yangu haipo. Hata yangu. Wewe umehamisha? Shemeji akasimama mbele yao, akasema kwamba kazi zao zimefutika zote na aliyezifuta ni yeye. Kijana mmoja wa nyuma akacheka, akidhani ni utani wa Zima-Washa. Alicheka peke yake.

Binti yangu alikuwa hajainuka kitini. Alikuwa anamtazama mjomba wake, na uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa unasubiri. Alikuwa na hakika kwamba mjomba atageuka sasa hivi na kuzirudisha, kwa sababu maisha yake yote hajawahi kuona mashine imemshinda.

Shemeji alihangaika nazo hadi jioni. Kuna programu za kufukua vilivyofutwa, akazileta zote anazozijua. Alichofukua ni makombo: nusu ya sentensi, picha iliyokatika, jina la mtoto bila kazi yake. Mkuu wa shule alipiga simu kwa wasimamizi wa mitihani kuomba wiki moja tu, akaambiwa kwa upole kwamba tarehe ni moja kwa nchi nzima na kila mwaka kuna shule yenye sababu. Wakati huo mwalimu wa kompyuta alikuwa anazunguka maabara akibandua zile karatasi za swichi, moja moja, kwa kucha, na hakuna aliyemwambia aache wala aendelee. Alikuwa analia bila sauti. Nami nilikuwa na hasira iliyonijaa hadi kooni na sikumpata wa kumwagia. Huyu aligandisha ili watoto wasipate virusi. Huyu hakuzima ili watoto wasipoteze muda. Ukitafuta mkosaji humpati, na hasira isiyo na mkosaji inakula aliyeibeba.

Kesho yake jioni nilikwenda kumchukua shemeji kwake. Nilimkuta ameketi gizani sebuleni, hajawasha hata taa. Nikamwambia sikuja kumpa pole, nimekuja kumchukua. Anajua kutengeneza programu, na mtoto anakumbuka yake. Waketi pamoja, amwandikie, Ijumaa apeleke.

"Nikimwandikia huyu," akasema, "na wale wengine?"

"Wale wengine wana wajomba zao."

Najua nilichosema. Wale wengine hawana wajomba mafundi, nami nilijua hivyo nikiwa nasema. Lakini mimi ni baba, sikuwa naomba kura za udiwani. Shemeji akainuka, akachukua kompyuta yake.

Wakaketi kwenye meza yetu ya chakula, mjomba kwenye kibodi na binti pembeni yake, kama zamani, ila zamani tochi ilikuwa inashikwa kwa furaha. Mwanzo walikwenda kasi. Majina ya walimu, masomo, madarasa, vipindi. Mke wangu alinikonyeza kutoka jikoni, nami nikaanza kupumua. Halafu wakafika pale penyewe, pale programu inapotakiwa kupanga walimu wasigongane, na vidole vya shemeji vikasimama.

Akamuuliza hapa alifanyaje. Binti akaanza kueleza. Alianza na mwalimu mwenye vipindi vingi, akasema, halafu wakigongana hakumfuta aliyetangulia, alimsogeza, lakini si kumsogeza tu, kuna kitu alikuwa anakiangalia kwanza. Akanyamaza. Akaanza tena kutoka mwanzo, akafika palepale, akanyamaza. Ilimchukua muhula mzima kuipata, alisema, alikuwa anajaribu na kukosea, na siku ilipokubali hakuandika popote amefanyaje, kwa sababu ilikuwa imo mle kwenye mashine.

Shemeji alijaribu kwa akili yake. Mimi sijui kompyuta, lakini mtu aliyeshindwa namjua. Kila alipobonyeza, ratiba ilitoka ikiwa na mistari myekundu, mwalimu wa hesabu yuko vyumba viwili, mwalimu wa jiografia yuko vyumba viwili. Alipunguza, akabadilisha, ikatoka tena na nyekundu. Chakula kilipoa mezani kando yao. Mwishowe mistari ilibaki michache, akasema hiyo inatosha, wasahihishaji hawatazami hadi huko, alama za kuingilia chuoni zitapatikana.

Binti akasema, "Asante, mjomba."

Alisema kwa adabu, kama unavyomshukuru mgeni aliyekupisha njia. Shemeji alifunga kompyuta yake akaondoka bila kula, na dada yake hakumzuia.

Ijumaa nikatumwa, mimi na gari langu, kukusanya miradi ya shule zetu na kuipeleka. Shemeji alikuwa kiti cha mbele, ofisi ilitaka aende kusaini kwamba zimefika. Pale shuleni mwalimu wa kompyuta alinipa bahasha iliyofungwa. Ilikuwa nyembamba. Wengi walikuwa wamekata tamaa hawakupeleka kitu. Nikamuuliza kuhusu mradi wa binti yangu, kwa sauti ya chini.

Akasema umo, lakini si ule. Binti yangu aliuacha ule wa mjomba wake, akapeleka alichoandika mwenyewe kwa siku hizo mbili: mahali pa kuingiza majina ya walimu, basi. Havikupangwa vipindi, hakuna ratiba. Mwalimu alimbembeleza sana, na mtoto akakataa katakata.

Nikaagiza aitwe. Alikuja tukasimama kando ya gari, upande wa mjomba wake, na dirisha lilikuwa wazi. Sikufikiri habari ya dirisha. Nilikuwa nimekasirika, nikamuuliza kama anajua amefanya nini, na kama chuo amekisahau.

"Najua, baba," akasema. "Chuo basi."

Nikamwambia bahasha bado ninayo mimi, mwalimu anaweza kuifungua, wakati upo, abadilishe. Ule wa mjomba ulikuwa unatosha, mjomba mwenyewe kasema.

"Ule wa mjomba unagonganisha walimu. Wangu haukumgonganisha hata mmoja." Alikuwa anatazama chini, anachora vumbi kwa ncha ya kiatu. "Nikipeleka ule, watasema huyu ndiye aliyetengeneza ratiba, na ratiba yenyewe mbovu. Bora waone sikufanya kitu. Nakaa usiku na mchana naitafuta kichwani, baba, haipo. Hata mimi sasa sijui nilifanyaje."

Nilimshika bega, akakubali kushikwa, kisha akarudi darasani akitembea kama mtu mzima.

Nikaingia garini, nikamkabidhi shemeji bahasha. Aliipakata kwa mikono miwili, anatazama mbele, ukutani. Nilijua kwamba amesikia kila neno. Miaka yote nimembeba mtu huyu, na maneno ya kumtania hayajawahi kuniishia. Nikamwambia afunge mkanda. Akaufunga, tukaenda kuipeleka.